Fomula Niliyoiita Kinyonga

Hati ya makabidhiano niliikamilisha kama utaratibu unavyotaka: nywila za seva, orodha ya majedwali, funguo mbili za kabati, na wa tatu ambao hakuna anayejua unafungua nini. Bwana Mushi, mkuu wa kitengo, akaigonga mhuri. Lakini Zawadi, mchambuzi wa takwimu ambaye sasa anakalia kiti changu, alinifuata hadi kwenye maegesho ya magari pale Mtumba, kwenye mji wa serikali, akaniambia, "Mama, hii hati inasema vitu viko wapi. Haisemi vilifikaje huko." Nimekaa nyumbani Nkuhungu wiki ya tatu sasa. Kuku wamenizoea, kabati la vyombo nimelipanga mara nne. Basi naandika, na ninyi vijana wa kitengo mtasoma mkitaka. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua.

Niliajiriwa kama karani wa takwimu kwenye ofisi ya kilimo, hapa hapa Dodoma, nikiwa na cheti kimoja na sketi mbili za ofisini. Siku ya kwanza nilikabidhiwa dawati, rula ya mbao na mashine ya kukokotoa yenye mpini wa kuvuta, ambayo ukikosea tarakimu moja unaanza upya. Aliyenipokea alikuwa Bwana Mbega, mkuu wa takwimu wakati huo, mtu mfupi, mkavu, anayevaa kofia hata ndani. Hakuniuliza nimetoka shule gani. Aliniuliza, "Gunia ni nini?" Nikamjibu kama nilivyofundishwa, kwamba gunia ni kilo mia moja. Akacheka kwa pua, akarudi kwenye makaratasi yake. Nilihisi nimefukuzwa kazi kabla sijapata ufunguo wa choo.

Wiki iliyofuata akanipandisha gari la ofisi, tukaenda Mlali, wilaya ya Kongwa, kuhesabu akiba ya chakula majumbani. Nyumba ya kwanza, mama mwenye nyumba alituambia ana magunia manne. Mimi nikaandika manne, mwandiko mzuri kabisa. Bwana Mbega akaomba ruhusa, akaniambia niingie ndani niyashike. La kwanza lilikuwa limejaa sawasawa. La pili lilikuwa lumbesa, limeshindiliwa hadi limeota kichwa na kushonwa kwa kamba juu. La tatu lilinifika magotini. La nne lilikuwa limeegemezwa ukutani, na chini kabisa mlikuwa na madebe mawili ya uwele. Yule mama hakudanganya hata kidogo. Kwa hesabu ya nyumba yake, gunia likifunguliwa linabaki kuwa gunia mpaka siku litakapokung'utwa.

Tulipotoka nje Bwana Mbega akasema, "Futa. Andika debe, kisha andika walaji. Mkubwa wa Dar es Salaam anataka kujua magunia. Huyu mama anataka kujua siku." Nikafuta. Tangu siku ile, popote nilipofanya kazi, nilikuwa na safu mbili ambazo fomu ya serikali haikuziomba: debe na walaji. Nilizichora pembeni kwa penseli, na wakubwa walinisema sana kwa kuchafua fomu.

Mliozaliwa na simu mkononi hamtaelewa, lakini kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa na chumba chake, pazia lake na zulia lake, na ilibidi uvue viatu mlangoni. Nimewahi kumwona mkurugenzi mzima akiingia na soksi iliyotoboka kidole. Bwana Mbega hakuwahi kuigusa. Alikuwa anasimama nyuma yangu, kofia kichwani, akikokotoa kwa penseli na kuniambia jibu kabla mashine haijamaliza. Alistaafu, akarudi kwao Mpwapwa, akafariki baada ya miaka michache. Nilimlilia kama baba. Hakuna siku nimefanya hesabu ya akiba bila kumfikiria, na wala sioni aibu kusema.

Sasa nije kwenye kinyonga, maana najua ndiye mnayemtaka.

Ofisi ilipohamia Mtumba tulipewa programu mpya ya ripoti, ile ya kuchora ramani na grafu zinazobadilika ukibonyeza. Wenzangu wengi wa umri wangu waliikimbia. Mimi niliikumbatia. Kila idara ilikuwa inataka ukurasa wake: hawa wanataka magunia, hawa tani, wale asilimia ya lengo, wale tofauti na mwaka uliopita. Tulikuwa na kurasa tisa zenye ramani ileile na jedwali lilelile, na ukirekebisha kosa kwenye moja unasahau nane. Nikasema hapana. Nikatengeneza ukurasa mmoja wenye menyu juu. Unachagua kipimo unachotaka, na ramani yote, jedwali lote na grafu yote vinageuka kufuata chaguo lako. Nyuma yake kulikuwa na fomula moja tu, inayouliza "umechagua nini?" na kukupa hicho. Nikaiita Kinyonga.

Jamani, nilijivuna. Nilikuwa natafuta sababu ya watu kupita ofisini kwangu niwaonyeshe. Kipimo cha tisa kwenye ile menyu kilikuwa changu hasa, mtoto wa zile safu mbili za penseli: Siku za Chakula. Kilichukua kila kaya iliyotembelewa na maafisa ugani, kikageuza debe kuwa kilo kwa aina ya nafaka, kikagawanya kwa walaji, kikakuambia kata ile imebakiza chakula cha siku ngapi. Kilikuwa kizito, maana kilipita kaya moja moja. Lakini kilikuwa kinasema kweli, na ndicho kipimo pekee kwenye ripoti nzima ambacho yule mama wa Mlali angekielewa.

Kisha ikaja itifaki. Bwana Mushi ni mtu mwema, mcha Mungu, hajawahi kuninyima ruhusa ya msiba. Lakini ana ugonjwa wa itifaki. Aliangalia menyu yangu akasema haiwezekani Asilimia ya Lengo la Wizara ikae ya pili, chini ya Akiba ya Kaya, eti kwa sababu programu imepanga majina kwa alfabeti. "Mama Ndahani, Lengo la Wizara ni la Wizara. Likae juu." Nikaongeza safu ya namba, nikaipa kila kipimo cheo chake, menyu ikajipanga kama viti vya meza kuu kwenye harusi. Halafu majina nayo yakaanza kubadilishwa. Kila mkubwa mpya alikuja na maneno yake, leo "Akiba", kesho "Hali ya Akiba", keshokutwa "Mwenendo wa Hali ya Akiba", na kila jina likibadilika fomula inavunjika. Nikachoka. Nikaandika fomula upya iwe inauliza ile namba badala ya jina. Majina yabadilike wanavyotaka, namba haisumbuliwi. Nilijiona mjanja sana.

Jambo la pili lilikuwa nafasi tupu. Kata ambazo hazijaleta taarifa zilionekana tupu kwenye jedwali, na ninyi mnajua ofisi zetu: sehemu tupu kwenye fomu ni uzembe. "Weka hata sifuri," Bwana Mushi akasema. Nikaweka sifuri kila mahali, kila kata, kila mwezi, hata miezi ambayo haijafika. Jedwali likapendeza.

Kinyonga akaanza kuwa mzito. Mwanzoni tulisubiri kidogo, tukasema ni kawaida. Kisha tukasubiri hadi mtu anakwenda kuchukua chai na kurudi. Nikasema ni mtandao. Wote tukasema ni mtandao. Mtandao haujibu, ndiyo maana tunausingizia.

Mwaka juzi, kabla ya msimu wa kupanda, kamati inayogawa mahindi ya bei nafuu ya serikali ilikaa. Ripoti ikawekwa ukutani. Mwenyekiti akaomba kuona Siku za Chakula, mimi mwenyewe nikabonyeza. Kile kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Watu wakaanza kuangalia simu. Baada ya muda mwenyekiti akasema kwa upole, "Basi tuendelee na Magunia, muda unakwenda." Nayo ikachelewa, lakini ikafika. Kwa Magunia, Mlali ilikuwa ya kijani, yaani ina akiba ya kutosha. Magunia yao yalikuwa mengi kwa kuhesabu tu, kama yale manne niliyoyashika mimi. Kamati ikagawa mahindi kwa kata zilizokuwa nyekundu, Mlali ikapitwa.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Lameck akanipigia. Lameck ni afisa ugani wa Mlali, mtu wa makamo, hapigi simu bila sababu. "Shikamoo mama. Watu hawapandi huku." Nikamuuliza kwani mvua haijatosha. "Mvua ipo mama. Mbegu ndiyo hakuna. Wamekula mbegu." Nikamwambia mtandao ulitusumbua siku ya kikao. Akasema, "Sawa mama," kwa ile sauti ya mtu asiyekuwa na la kufanya. Nililikumbuka hilo "sawa" mwaka mzima.

Mwaka uliofuata, mwaka wangu wa mwisho kazini, mvua zilikatika mapema. Tulijua kamati itakaa, na kikao kikapangwa Alhamisi. Jumatatu asubuhi Bwana Mushi akaniita. Alikuwa amefanya uchunguzi wake, na nampa haki yake, ulikuwa uchunguzi mzuri. Alinakili ripoti, akakiondoa kipimo kimoja kimoja na kupima muda. Alipoondoa Siku za Chakula, ukurasa ulifunguka haraka. "Tumempata mchawi," akasema. "Mama Ndahani, najua unakipenda. Lakini kinaua ripoti nzima. Kabla ya Alhamisi kitoke."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kikitoka kipimo hicho Mlali watakuwa kijani tena na watakula mbegu tena, na safari hii simu ya Lameck aipokee yeye. Akaniambia kwa utaratibu kabisa kwamba kipimo kisichofunguka nacho hakimlishi mtu. Hapo alinipata. Nilitoka ofisini kwake nimefura, nikakaa kwenye kiti changu, nikakosa hata wa kumgombeza.

Zawadi alikuwa dawati la jirani, ana mwaka mmoja tu kazini. Binti ana kichwa kizuri na maswali mengi, na mara nyingi maswali yake nilikuwa nayakata katikati. Siku hiyo sikuwa na nguvu ya kukata. Akasema, "Mama, kuna kitu sikielewi. Bosi alipopima, alikuwa amechagua nini kwenye menyu?"

"Magunia," nikasema. "Ndicho kinachofunguka cha kwanza."

"Sasa kama alichagua Magunia, Siku za Chakula si ilikuwa imelala tu? Kwa nini kuondoa kitu kilicholala kunaufanya ukurasa uwe mwepesi?"

Nilimtazama. Nikamwambia arudie. Akarudia, akidhani amenikosea adabu. Vijana, nimeandika haya yote ili nifike kwenye swali hilo. Niliangalia fomula ile kwa miaka, na sikuwahi kuliuliza. Kama kipimo ambacho hukukichagua kinakuchelewesha, maana yake hakijalala. Maana yake Kinyonga alikuwa hafanyi hesabu moja uliyoomba. Alikuwa anafanya zote tisa, kisha anakuonyesha moja.

Tukaanza kazi. Nilimwambia Zawadi kwanza achukue karatasi, aandike majibu ya kata sita kwa vipimo vyote tisa kama yalivyo sasa, kabla hatujagusa kitu. Mtu akikuambia ameifanya ripoti iwe ya haraka, muulize kwanza kama majibu ni yaleyale. Kisha tukafungua kile kipande cha programu kinachoonyesha muda wa kila hatua. Tukachagua Magunia, tukaangalia. Kweli, chini kule kaya zote zilikuwa zinapitiwa moja moja, debe kwa debe, kwa ajili ya jibu ambalo hakuna aliyeliomba.

Sababu ilituchukua Jumatatu yote iliyobaki na asubuhi ya Jumanne. Nitaieleza kwa lugha ya ofisi. Mtumiaji anachagua jina. Fomula inauliza namba. Programu ina akili: ukiiuliza kitu kilekile mtumiaji alichokichagua, inajua mapema kwamba jibu ni moja, na inaandaa hesabu moja. Lakini ukichagua kwa jina na kuuliza kwa namba, inapopanga kazi yake haina uhakika namba gani itatokea, kwa hiyo kwa usalama inaandaa zote. Ni kama mgeni kaja getini kaulizia Bwana John, na mlinzi ana orodha ya namba za vyumba tu. Anawaita wote washuke, halafu anamwambia mgeni achague wake. Watu tisa wanashuka ngazi kila siku, mmoja wao ni mzee wa magoti mabovu, na sisi tunamlaumu mzee.

Nani aliweka namba? Mimi. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya itifaki na kwa ajili ya ujanja wangu. Nilipoliona, joto lilinipanda usoni. Zawadi akawa anaangalia dirishani, kwa heshima.

Tulirekebisha hivi. Namba ikabaki kazi yake moja tu, kupanga menyu, ili Lengo la Wizara liendelee kukaa meza kuu. Fomula ikarudi kuuliza jina lenyewe lililochaguliwa. Ili majina yasituvunjie tena fomula, tuliweka jina fupi la kudumu ambalo ndilo linalochaguliwa, na maneno marefu ya wakubwa yakapelekwa kwenye kichwa cha grafu. Huko wabadilishe hata kila siku. Zawadi akabonyeza Magunia. Kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, ikafika. Akabonyeza Tani. Ikafika. Tukaangaliana, na mimi nikapiga meza kwa kiganja hadi watu wa chumba cha pili wakaja kuuliza kuna nini.

Lakini hatukumaliza. Siku za Chakula yenyewe, ukiichagua, bado ilikuwa inachelewa, maana sasa ndiyo zamu yake na mzigo wake ni wa kweli. Hapo tukakutana na zile sifuri. Kata isiyo na taarifa programu huiruka, haina cha kuhesabu. Sisi tuliilazimisha ihesabu kila kata na kila mwezi, hata ambako hakukuwa na kaya hata moja, ili tu iandike sifuri na Bwana Mushi alale vizuri. Tukaziondoa. Na tafadhali ninyi mnaobaki, msizirudishe. Sifuri inasema tumekwenda tukakuta hakuna kitu. Nafasi tupu inasema hatujafika. Hayo ni mambo mawili, na watu wanaweza kufa katikati yake.

Cha mwisho kilikuwa debe. Kila mtu alipobonyeza, fomula iligeuza upya madebe ya kaya zote kuwa kilo. Debe la kaya ile halibadiliki kwa sababu mkubwa fulani amebonyeza kitufe. Tukaihamisha hesabu hiyo, ikawa inafanyika mara moja asubuhi data inapoingia, na kilo zikakaa kwenye safu yake zikisubiri. Kinyonga akabaki na kazi ya kujumlisha na kugawanya tu. Jumatano mchana tulilinganisha na karatasi ya Zawadi. Majibu hamsini na mawili yalikuwa yaleyale. Mawili yalitofautiana, tukayafuatilia, tukakuta ni zile sifuri zilizokuwa zinashusha wastani. Nilimwambia Zawadi anunue soda, kisha nikalipa mwenyewe.

Jioni ile nilimwonyesha Bwana Mushi. Alibonyeza vipimo vyote tisa, akarudia kinyumenyume, akavua miwani. "Menyu imebaki na mpangilio wake," akasema, na nikaona amefurahi kweli. Akaona zile nafasi tupu, akafungua mdomo. Nikamwangalia tu. Akaufunga.

Alhamisi mwenyekiti hakutaka tumbonyezee, aliomba kipanya mwenyewe. Akachagua Magunia. Mlali kijani. Akachagua Siku za Chakula. Ramani ikageuka palepale mbele yao, na Mlali ikawa nyekundu, chakula cha siku kumi na tisa. Akarudi Magunia, kijani. Siku za Chakula, nyekundu. Alifanya hivyo mara tatu. Kisha akauliza, "Mwaka jana hapa palikuwa pamesemaje?"

Bwana Mushi akajibu haraka, kwa nia njema ya kunikinga, "Mwaka jana ulikuwa mtandao, mheshimiwa."

Nilikuwa nimebakiza miezi minne nistaafu. Ningekaa kimya, hakuna ambaye angejua, na Zawadi asingesema. Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Haukuwa mtandao, mheshimiwa mwenyekiti. Kipimo kilikuwepo na data ilikuwepo. Fomula niliiandika mimi, na niliiandika vibaya. Aliyegundua ni huyu binti." Nikamwonyesha Zawadi, akainama hadi nikaona utosi. Mwenyekiti akaandika kitu, akasema asante mama, na kamati ikaendelea. Mlali ikapangiwa mahindi, pamoja na kata nyingine mbili zilizokuwa zimejificha nyuma ya magunia.

Kwenye korido Bwana Mushi akanisogelea. "Mama Ndahani, miezi minne tu. Ilikuwa na lazima gani?"

"Nataka kustaafu, Bwana Mushi," nikamwambia. "Sitaki kukimbia."

Ninajivunia fomula ile kuliko cheti chochote nilichopewa. Ninajivunia kwamba leo afisa ugani anaifungua akiwa shambani kwa simu yake na haimwangushi. Lakini nilikuwa na kazi moja haijaisha, na haikuwa kwenye hati ya makabidhiano.

Mahindi yalipofika Mlali niliomba siku moja ya ruhusa nikaenda. Lameck alinipokea, tukazunguka hadi tukafika kwa mama mmoja aitwaye Mama Yusta, mjane mwenye watoto watano, ambaye Lameck alikuwa amenitajia kwenye simu wakati ule. Nikasalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, akacheka kidogo kwa matamshi yangu, akatuwekea vigoda. Nikaona nisizunguke.

"Mama Yusta, mwaka jana kulikuwa na hesabu huko ofisini inayosema chakula chenu kimebaki siku ngapi. Ilikuwa sahihi. Ilichelewa kutokea, wakubwa wakaangalia hesabu nyingine, mahindi hayakuja. Aliyeifanya ichelewe ni mimi. Nimekuja kukuambia mwenyewe."

Lameck akaanza kumweleza kwa Kigogo. Mama Yusta akamzuia kwa mkono. Alikuwa ameelewa.

"Mwaka jana nilitwanga mbegu," akasema. "Masuke niliyachagua mwenyewe. Watoto niliwaambia huo ni uwele wa dukani."

Nilisema pole, na lilikuwa dogo sana.

Akaniuliza, "Ungekaa huko Dodoma usiseme, nani angejua?"

"Hakuna."

Akainuka, akaingia ndani. Lameck akaninong'oneza kwamba tuondoke, kwamba mama amekasirika na ana haki. Nikamwambia nitakaa nimsubiri anifukuze. Mama Yusta akatoka na sahani ya ugali na bakuli la mlenda, akaviweka chini mbele yangu. Akarudi kuchukua jagi na beseni.

"Nawa," akasema.

Lameck akaanza kusema tuna haraka, gari linasubiri. Nikamwambia hatuna haraka. Nikanyoosha mikono, na Mama Yusta akaniinamia, akanimiminia maji.